Kigae Chenye Shingo

Zamani hizo, mtu aliyesimama juu ya kilima cha Marani asubuhi, ukungu ukishainuka, aliweza kujua bila kumuuliza yeyote ni nyumba ipi ng'ambo ya bonde iliyokuwa na mwanamume na ipi haikuwa naye. Nyumba zote zilikuwa za duara, za nyasi, na juu kabisa ya paa, pale nyasi zinapokusanywa na kufungwa kama mdomo wa mfuko, kilitokeza kijiti. Kijiti hicho kilianzia ndani, juu ya nguzo ya kati, kikapenya nyasi na kutazama mbingu. Mwenye nyumba akifa, kaburi likiwa bado halijafukiwa, ndugu yake alipanda akaking'oa. Watu waliliangalia paa, wakajua, wakaja kulia. Siku hizi vifo hutangazwa redioni baina ya tangazo la sabuni na bei ya mbolea, na paa za huku kwetu Kitutu zote ni mabati. Hazisemi lolote.

Nyanchera aliolewa mwaka uliofuata ule wa nzige. Mume wake, Nyamweya, alikuwa mtoto wa pili wa mama yake. Wa kwanza alikuwa Okemwa, mwanamume mrefu mwenye meno mazuri, ambaye akiingia mahali watu walianza kucheka kabla hajasema kitu, kwa kuogopa kuonekana wamechelewa. Baba yao alikuwa amekwisha kufa. Ardhi yake haikuwa imegawanywa, na sehemu ya chini, kando ya kijito, haikutakiwa na mtu, maana ilikuwa udongo mzito wa kijivu unaomeza jembe.

Nyamweya hakukaa nyumbani. Alikwenda kufanya kazi kwenye tanuri la misheni moja ng'ambo ya mto, ambako Bruda mmoja Mzungu, mwenye ndevu zilizojaa vumbi la matofali, alikuwa akitengeneza vigae vya kuezekea kanisa. Alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Hakuwa msemaji, lakini ukimgusia udongo alifunguka kama gunia lililokatwa kamba. Nyanchera akimenya ndizi, yeye alimweleza. Kuna vigae vya paa, alisema, bapa, vyenye pua kwa nyuma. Pua hiyo hushika ufito, kigae kikaning'inia kwa uzito wake chenyewe bila msumari. Kuna vya mgongo, vilivyopinda kama ganda la mti, vinavyokaa kileleni ambapo pande mbili za paa hukutana. Kuna vya sakafu, vinene, vya mraba, ambavyo Bruda alivitandaza katika zahanati na katika chumba cha maziwa, kwa kuwa havishiki uvundo na ukivimwagia maji hukauka upesi. Halafu kuna vile vya udongo mweupe unaotoka mbali, ambavyo moto hauviwezi. Hivyo hupangwa ndani ya tanuri lenyewe, na wenye viwanda vya sukari nguru huvijengea mahali pa moto chini ya masufuria yao, maana tofali la kawaida likiwekwa hapo huyeyuka na kutiririka. Hata vile vikombe vyeupe juu ya nguzo za simu mjini Kisii ni ndugu wa hivyo: udongo uliochomwa mpaka ukasahau kunywa maji.

"Na havivunjiki?" Nyanchera aliuliza.

"Ukiviangusha vinavunjika. Ukivikanyaga vibaya vinavunjika. Lakini mvua havijali, moto havijali, mchwa havijali. Nyasi utabadilisha mpaka uchoke. Kigae kitatuzika sisi sote, Mama Tryphosa."

Tryphosa ndiye aliyekuwa binti yao wa kwanza. Jina lilitoka misheni pamoja na maarifa hayo mengine.

Kanisa lilipokwisha kuezekwa, Bruda hakuhitaji tena watu wengi. Nyamweya akarudi nyumbani kabisa, amebeba begani kalibu mbili za mbao za kufinyangia vigae, akateremka kwenye ule udongo wa kijivu ambao watu waliutemea mate. Aliuchimba, akauacha upigwe na jua na mvua, akauchanganya na mchanga wa kijito. Kuukanyaga ilikuwa kazi ya Nyanchera. Alikanyaga asubuhi mpaka nyonga zikamuuma, akitafuta kwa vidole vya miguu vijiwe vilivyojificha, kwa sababu kijiwe kimoja cha chokaa kikiachwa ndani ya kigae hunyonya maji baada ya kuchomwa, kikavimba, kikatoboa uso kama jipu. Mwaka ule nyayo zake zilipasuka na hazikupona tena maisha yake yote. Tanuri waliliwasha kwa kuni za miti ya miwati. Kigae kilipopoa Nyamweya alikishika kwa vidole viwili na kukigonga kwa kifundo. Kizima kililia kama kengele. Chenye ufa, hata usioonekana kwa jicho, kilitoa sauti ya mtu mwenye mafua, naye alikitupa bila kukitazama mara ya pili.

Nyumba yao ilikuwa na pembe nne na mbao nene za paa, maana vigae ni vizito kama ng'ombe aliyelala. Ndani waliacha nguzo ya kati vilevile, mama yake Nyamweya alivyotaka kabla hajafa. Paa lilipokamilika lilikuwa jekundu kama nyama. Watu walitoka mbali, hata Masimba, kuja kulitazama.

Okemwa naye alikuja. Aliizunguka nyumba, mikono nyuma, akasimama mbele ya mlango na kuinua macho.

"Nyumba nzuri," alisema. "Mwenyewe alikufa lini?"

Uwanja mzima ulicheka. Nyamweya pia alicheka, akajipangusa udongo mikononi. Lakini Nyanchera aliona kwamba wazee wawili watatu hawakucheka. Walikuwa wakitazama kilele cha paa, na kilele kilikuwa kitupu.

Mzaha wa Okemwa ulikuwa kama kupe. Ulipokwisha kushika haukutoka kwa kuvutwa. Kabla ya mavuno Nyamweya alikuwa na jina jipya, Marehemu. Wanawake walimngoja Nyanchera kisimani wakiwa na nyuso ndefu. "Pole kwa msiba, mwenzetu. Ulimzika vizuri?" Nyamweya akisalimia njiani, watu walisimama na kugeuka huku na huku. "Umesikia sauti? Mimi nimesikia sauti." Hata kwenye pombe ya wimbi, ambapo wanaume huketi kuzunguka chungu kimoja kila mtu na mrija wake mrefu, mirija ilimpita. Mtu mmoja alichota pombe kidogo kwa kibuyu, akaimwaga chini mbele ya miguu ya Nyamweya, jinsi wafu wanavyonyweshwa. "Kunywa, ndugu yetu. Huko uliko kuna kiu." Wakacheka mpaka wengine wakapaliwa na pombe.

Watu wa siku zile walikuwa wakali hivyo. Walikuwa na kitu cha kukalia ukali huo, mila yao, na mtu alijua alipopigwa na kwa nini. Wa siku hizi humpiga mtu bila kujua.

Siku moja Mhindi mwenye kiwanda cha sukari nguru upande wa ziwa alileta lori mpaka kwenye kijito. Alitaka vigae vinene vya kujengea tanuri lake. Nyamweya alimwambia kweli, kwamba udongo wake hauwezi moto wa namna ile, lakini akimletea ule mweupe atauchanganya na kumtengenezea. Mhindi alikubali kurudi na udongo. Okemwa alisimama juu ya ukingo akilitazama lori. Hakuwahi kuutaka upande ule wa ardhi mpaka hapo alipoona mtu mwingine anautaka. Juma hilohilo aliwaita wazee wagawe ardhi ya marehemu baba yao. Alisema anataka sehemu ya chini, karibu na maji, kwa kitalu cha miche ya kahawa.

Wazee waliketi uwanjani kwa Okemwa. Nyanchera alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine wakikoroga uji, na kila neno lilimfikia. Alimsikia mume wake akisema taratibu kwamba yeye ndiye aliyeufanyia kazi ule udongo, na kwamba kwake upande wa kijito unatosha, huko juu Okemwa achukue kote.

"Wazee," Okemwa alisema, "leo kuna upepo. Nasikia upepo unaongea."

Walicheka. Halafu mzee mkubwa kuliko wote, aliyeitwa Mogaka, akakohoa, kicheko kikafa.

"Mzaha ni mzaha," alisema Mogaka. "Lakini Nyamweya, mwanangu, paa lako halina kijiti. Nikipita na kutazama, macho yangu yananiambia hapo hakuna mtu. Ardhi hatuwagawii wasiokuwapo. Weka kijiti, na upande wa kijito ni wako. Wimbi likivunwa nacho hakipo, tutagawa kati ya wale tunaowaona."

"Nitakiweka, baba."

"Kiwekwe kama kinavyowekwa. Kisimame juu ya nguzo na kitoke nje. Hatutaki cha kufungwa ubavuni kama kengele ya mbuzi. Na mtu hajiwekei mwenyewe. Atakuwekea mtoto wa baba yako."

Mtoto wa baba yake aliyebaki alikuwa Okemwa peke yake.

Wanawake waliendelea kukoroga uji. Mmoja, mke wa Okemwa, aliyeitwa Drusilla, alimnong'oneza Nyanchera kwa sauti ya upole kabisa: "Basi jitayarishe. Kijiti kikikosekana, sisi mimi na wewe tutapika kwa mume mmoja. Unajua anapenda wimbi lisagwe laini." Nyanchera alijua. Mjane hakai bure. Ndugu wa marehemu huingia nyumbani kwake. Hilo nalo lilikuwa mila, na hakuna mtu uwanjani pale ambaye angeliona kuwa mzaha.

Sasa, kutoboa paa la nyasi ni kazi ya kidole. Paa la vigae halitoboki hivyo. Ukiondoa kigae kimoja cha mgongo na kupitisha kijiti, maji yatafuata kijiti mpaka kwenye nguzo, na nguzo itaoza katika misimu michache. Nyamweya alijua dawa yake: kigae cha mgongo chenye shingo, kilichotoka juu kama mdomo wa mtungi, kijiti kipite ndani ya shingo na maji yapite nje. Hakuwahi kukiona cha namna hiyo popote. Alikaa chini akakifinyanga kwa mkono.

Cha kwanza kilipasuka kikiwa bado kinakauka, ufa ukazunguka shingo kama kamba ya mtu aliyenyongwa. Cha pili kilikauka bila ufa, kikaingia tanurini, kikalipuka na kuharibu vigae vingine vilivyokuwa karibu nacho. Juu ya kilima wimbi lilikuwa limeanza kuinamisha vichwa. Nyamweya aliacha kula. Alimfokea Nyanchera kwamba ameukanyaga udongo vibaya, naye Nyanchera akarudi kwenye shimo na kuukanyaga upya, akijua kwamba haukuwa na kosa lolote.

Siku ya soko alichukua vipande vya kile cha kwanza, akavifunga kwenye kanga na kwenda navyo Marani kwa Zilpa. Zilpa alikuwa Mjaluo, mfinyanzi kutoka kando ya ziwa, aliyekuja kila soko na vyungu vilivyofungwa kwa nyasi mgongoni mwa punda. Yeye na Nyanchera walizungumza Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akikivunja upande wake.

Zilpa alipitisha kidole kwenye ufa. "Hii shingo iko nyembamba, dada. Inakauka mbio. Bega iko nene, inakauka pole pole. Moja inavuta ingine mpaka inakata. Bwana yako anajua hii maneno."

"Anajua. Lakini iko na haraka. Wimbi nakaribia."

"Udongo hapana jua wimbi." Zilpa alicheka kidogo. "Vunja chungu ya zamani, saga kama unga, changanya. Ile imeshaona moto, haiwezi kupungua tena, itashika hii mbichi. Shingo funga na jani ya ndizi, maji kidogo kila siku, mpaka bega imalize kukauka. Halafu moto ya mtoto kwanza. Moto ya mzee baadaye."

Nyanchera alimshukuru, kisha akauliza, kwa kuwa swali lilikuwa limemkaa: "Na kwenu? Mnaweka kijiti juu ya nyumba?"

"Tunaweka." Zilpa alianza kupanga vyungu vyake upya, ingawa vilikuwa vimepangika. "Mimi nilikuwa sokoni, nauza. Jioni nikirudi, nikaona nyumba yangu kutoka mbali. Nikaona juu hapana kitu. Hakuna mtu alinipa habari. Nilitembea ile njia yote nikijua."

Nyanchera alibeba nyumbani chungu kizee kilichovunjika ambacho Zilpa alimpa bure. Nyamweya alikisaga. Alichanganya, akafinyanga, akafunga shingo kwa jani la ndizi na kulilowesha, akalala kando ya kile kigae kama mtu anayeuguza. Walipolifungua tanuri kilikuwa kizima, chekundu, kizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Alikigonga. Kililia mpaka mbwa akainua kichwa. Nyanchera alidondoshea maji begani mwa kigae. Kilikunywa kidogo, kikashiba, maji yaliyobaki yakateleza.

"Sasa mimi ni mtu," Nyamweya alisema.

Walipika pombe, wakamwita Okemwa. Hakukataa, na hilo lenyewe lingepaswa kuwaonya. Alikuja na wazee, amevaa koti, akiwa na kijiti cha mti mgumu alichokikata mwenyewe, akakionyesha kwa kila mtu. "Leo namfufua ndugu yangu," alisema. "Mambo haya yameandikwa katika kitabu chenu, sivyo?" Wakacheka hata waliobatizwa.

Ngazi iliwekwa. Nyamweya alimweleza namna ya kupanda: akanyage pale ufito unapopita chini, kwenye sehemu ya chini ya kigae ambapo viwili hulaliana, asikanyage katikati, asipige magoti. Mzee Mogaka aliitikia kana kwamba anaambiwa yeye. Okemwa akapanda.

Alipanda kama watu walivyopanda paa za nyasi tangu dunia iumbwe, kwa magoti na kwa kuchimba kwa vidole vya miguu kutafuta mshiko. Kigae cha kwanza kilivunjika kwa mlio mdogo mkavu. Halafu kingine.

"Pembeni, kaka. Kwenye ufito," Nyamweya aliita kutoka chini.

"Ufito uko wapi? Mimi naona udongo tu."

"Chini ya mstari. Tazama mstari."

"Wewe uliye hai, njoo unionyeshe."

Nyamweya alipanda akiwa amekibeba kigae chenye shingo kifuani kama mtoto. Alimpita kaka yake kwa wepesi, akaketi kileleni, akaondoa kigae cha mgongo, na wote waliokuwa chini wakaona giza la nyumba yake likifunguka. "Lete kijiti," alisema. Okemwa alikuwa ameshika kijiti mkononi, hatua chache chini yake. Nyanchera alikuwa amesimama penye pembe ya nyumba, na alimwona shemeji yake akitazama. Alitazama mstari wa vigae ulio juu yake, ule ambao Nyamweya alikuwa ameegemezea kisigino, akautazama vizuri. Mguu wa mtu anayetafuta pa kukanyaga huenda polepole. Ule wa Okemwa haukwenda polepole, nao ulitua katikati ya vigae.

Vigae vikikatika pua haviwi tena na kinachovishika. Mstari ule ulianza kuteleza, ukausukuma wa chini yake, na ule mwingine, paa likashuka kama magamba ya samaki chini ya kisu. Nyamweya alishuka nalo. Alianguka chali juu ya lundo la vigae vya akiba alivyokuwa amevipanga yeye mwenyewe karibu na ukuta, vimesimama kwa ubavu, jinsi vinavyopaswa kuwekwa visivunjike.

Kigae chenye shingo kilimponyoka hewani, kikaangukia kwenye takataka za migomba. Hakikupata hata mkwaruzo.

Okemwa alikuwa amerukia kileleni, akabaki huko kama mtu aliyepanda punda. Alitazama chini. Alitazama kijiti mkononi mwake, na lile tundu lililokuwa wazi mbele yake, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Kisha akashuka nacho. Safari hii alikanyaga kwenye ufito, hatua kwa hatua, na hakuvunja kigae hata kimoja.

"Paa limekataa," aliwaambia wazee. "Mmeona wenyewe."

Nao walikuwa wameona. Mzee Mogaka alitikisa kichwa, akaomba fimbo yake. Pombe ilinywewa kwa Okemwa.

Nyamweya hakufa. Mgongo wake ulivunjika, miguu ikawa vitu vilivyokuwa vya mtu mwingine, lakini alikula, alisema, na akili yake ilikuwa timamu, jambo lililokuwa baya kuliko yote. Wimbi lilivunwa. Wazee waligawa ardhi kati ya wale waliowaona. Mhindi alipokuja na udongo wake mweupe alimkuta Okemwa akipima mistari ya kitalu, akageuza lori. Shimo la udongo lilifukiwa, na tanuri likavunjwa, matofali yake yakajenga banda la ng'ombe wa Okemwa.

Ndipo jioni moja Okemwa alipokuja mlangoni kwa Nyanchera, ameoga, ana mafuta usoni.

"Mke wetu," alisema, "nyumba ya marehemu haikai bila mwanamume. Watu wataanza kusema."

Nyuma ya Nyanchera, kitandani, Nyamweya alikuwa macho. Alikuwa akisikia kila neno, na wote wawili pale mlangoni walijua hivyo.

"Marehemu anaomba maji, shemeji," Nyanchera alisema. Alichukua kata iliyojaa akamnyooshea. "Mpelekee wewe. Mwinue kichwa, maana hawezi mwenyewe. Halafu mgeuze, nimgeuze tena mimi usiku. Halafu tuongee."

Okemwa aliitazama kata. Alicheka, akasema mke wetu ana ulimi, akaondoka. Alijaribu tena mara kadha wa kadha miaka iliyofuata, akiwa amelewa, na kila mara kata ilikuwa tayari.

Nyanchera alimtunza mume wake hivyo wakati wote wa vita vikuu vya Wazungu, na baada ya vita. Aliuza ndizi, aliuza vyungu vya Zilpa kwa sehemu ya faida, alilima kibarua. Tryphosa aliolewa Nyamarambe na akawa haji mara kwa mara. Mvua ya mawe ilipopiga, jinsi inavyopiga milima ile, Nyamweya alilala akisikiliza. "Cha karibu na mlango, mstari wa tatu," alisema. "Kimepasuka. Nasikia kinavyojibu." Naye Nyanchera alichukua kigae kutoka kwenye lundo lililomvunja mume wake, akaweka ngazi, akapanda. Mwanamke kupanda juu ya nyumba ya mume wake aliye hai lilikuwa jambo la kutisha. Ni sawa na kumwombea kifo. Lakini hakuna aliyemkanya hata siku moja. Walipita njiani, wakamwona juu ya paa, wakaendelea na safari. Kwao mume wake hakuwapo.

Kahawa ilimpenda Okemwa. Mwaka ambao nusu ya vijana walikuwa wakienda kuchuma majani ya chai Kericho, lori lilimletea mabati kutoka Kisumu. Alibomoa nyumba ya nyasi, akajenga ya pembe nne, akapiga mabati misumari mchana mmoja, yakang'aa mpaka macho yakauma ng'ambo ya bonde. Watu walikuja kumpongeza. Nyanchera alilitazama paa lile akiwa shambani mwa mtu, jembe mkononi, na hakuona kijiti. Alitazama siku iliyofuata. Juma zima alitazama. Mwishowe aliweka jembe chini, akanawa miguu yake iliyopasuka, na kumwambia mume wake anakokwenda na swali analokwenda kuuliza.

"Liulize kwa sauti," Nyamweya alisema. "Walio nyuma nao wasikie."

Uwanja wa Okemwa ulikuwa umejaa. Okemwa mwenyewe aliketi kitini, mnene, meno mazuri yamepungua. Mzee Mogaka na wenzake walikuwa wamekwisha kuzikwa. Waliokuwa pale walikuwa walimu, karani wa chama cha kahawa, wake wa vijana. Nyanchera alisimama katikati, akainua macho kwenye mabati, akauliza neno lilelile, kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa maishani:

"Nyumba nzuri. Mwenyewe alikufa lini?"

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekasirika. Walitazamana, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kwenye kilele cha paa. Okemwa peke yake ndiye aliyeshusha macho, na hata yeye huenda alikuwa akitafuta kikombe chake. Mke wa mtoto wake, binti mzuri aliyesoma, jina lake Orpah, alikuja akamshika Nyanchera mkono kwa huruma.

"Mama, hajafa. Yule pale, si ameketi? Njoo kivulini, jua ni kali." Kisha akageuka, akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini: "Ni yule mama anayepanda juu ya nyumba. Mletee chai."

Nyanchera aliletewa chai, yenye maziwa na sukari nyingi, na kipande cha mkate. Aliinywa yote kwa sababu alikuwa na kiu. Halafu akarudi nyumbani.

Karibu na mlango kuku walikuwa wakinywa maji kwenye kigae chenye shingo, alichokuwa amekigeuza juu chini zamani na kuziba shingo kwa udongo. Hakikuwa na ufa hata sasa. Aliwafukuza kuku, akaingia.

"Walisema nini?" Nyamweya aliuliza kutoka kitandani.

"Walinipa chai," alisema Nyanchera, akamgeuza upande wa pili.